Stray: kumaliza chini ya saa 2 na kuchukua trofi ya "I am Speed" (uzi wa wana Nyanda za Juu Kusini)

#1 Mlandege_Pedi (Iringa)

Kamwene wakuu. Swali la trofi hii linarudi kila mara kwenye magrupu ya gemu ya Iringa na Mbeya, na majibu yanapotea kwenye gumzo. Tuyaweke hapa.

Kwa wageni: Stray ni ile gemu ya paka ndani ya mji wa maroboti uliofunikwa. Ilitoka tarehe 19 Julai 2022 kwa PS4, PS5 na kompyuta, Xbox ikafuata Agosti 2023, Switch ikaja Novemba 2024. Waliotengeneza ni BlueTwelve Studio wa Montpellier, Ufaransa. Ukiicheza kwa raha zako mara ya kwanza inakula saa 5 au 6. Trofi (tuzo ya kidijitali inayoingia kwenye akaunti yako) ya I am Speed inataka uimalize yote chini ya saa 2.

Wengi wanadhani muda unaliwa kwenye kukimbizwa na wale wadudu wa Zurk. Hapana. Pale unakimbia upende usipende, na tofauti ya mjuzi na mgeni haizidi dakika chache. Muda unaliwa mijini, yaani Slums na Midtown, kwenye kutumwatumwa: lete hiki, peleka kile, rudi kwa fulani. Asiyejua nani anataka nini anazunguka mitaa ileile mara tatu. Kwa hiyo uzi huu utakaa zaidi kwenye miji hiyo miwili.

Kabla hujaanza:

Imalize gemu kawaida kwanza. Kuikimbiza bila kuijua ni kupoteza umeme.

Anza mchezo mpya. Usipitie menyu ya kuchagua sura halafu utegemee kuunganisha vipande.

Kaa mkao mmoja mpaka mwisho, na uwashe saa ya simu pale tu unapobonyeza kuanza. Usisitishe gemu ukaenda kupika ugali. Ichukulie kama saa inatembea muda wote.

Ruka kila kipande cha filamu na kila mazungumzo yanayorukika. Kwenye mazungumzo ya maroboti bonyeza mfululizo, huna haja ya kusoma, ulishasoma mara ya kwanza.

Vituo vya kujipima, saa inasomaje unapomaliza sura:

The Flat (sura ya 3): 0:18
Slums ya kwanza (4): 0:28
Rooftops (5): 0:37
Slums ya pili (6): 0:48
Dead End (7): 0:55
Sewers (8): 1:04
Antvillage (9): 1:07
Midtown (10): 1:27
Jail (11): 1:36
Control Room (12): 1:45

Hapo unabaki na dakika 15 za makosa. Ukitoka Slums ya pili saa inasoma 1:00, bado upo. Ikisoma 1:10, anza upya tu, Midtown haitakuhurumia.

#2 Parachichi_la_Makambako (Njombe)

Mkuu, hapo kwenye sura tatu za mwanzo hakuna cha kuokoa? Maana dakika 18 naona nyingi.

#3 Mlandege_Pedi (Iringa)

Kidogo sana, kaka. Sura ya kwanza ni njia moja, unafuata paka wenzako mpaka uanguke. Kitu kimoja tu: usiachie kitufe cha kukimbia. R2 kwa PlayStation, RT kwa Xbox, ishikilie muda wote.

Dead City (sura ya 2) nayo ni kufuata mishale ya taa. Ukifika kwenye feni kubwa, ng'ata ndoo uiachie panapozunguka, pita. Halafu ndiyo kukimbizwa kwa kwanza. Zurk wanaruka kulenga pale ulipo, kwa hiyo ukienda mstari mnyoofu wanakutua mgongoni. Yumba kushoto na kulia kwa upana, usiyumbe kwa vijihatua vidogo. Wakikushika, bonyeza kitufe cha Duara kwa fujo mpaka wadondoke. Wakifika watatu wanne mwilini mwendo unakufa, na kufa pale ni kurudia kipande kizima.

The Flat ndiyo yenye cha kuokoa. Namba ya mlango ni 3748, imeandikwa ukutani humo humo lakini huna haja ya kuitafuta. Betri zipo chumba kilekile, moja moja, usipande rafu ambayo haina betri. Wengi wanachelewa hapa kwa kurukaruka kwenye kibodi. Inachekesha, ila siyo leo.

#4 Fundi_Soweto (Mbeya)

Kabla hatujaingia Slums, niweke la mashine, maana nusu ya wanaoshindwa kwenye kompyuta wanashindwa kwa kukwamakwama kwa picha na siyo kwa mikono.

Gemu imejengwa kwa Unreal Engine 4. Kiwango cha chini walichoandika ni RAM GB 8, kadi ya picha ya daraja la GTX 650 Ti yenye GB 2, na nafasi ya GB 10 kwenye diski. Inafunguka kwenye mashine za kawaida. Tatizo lake ni kwamba kila unapoingia eneo jipya mashine inapika sheda (programu ndogo za kuchora mwanga na rangi) za eneo hilo papo hapo, na picha inasimama nusu sekunde. Ukiwa katikati ya kuruka kutoka bomba hadi bomba unakosa hatua.

Dawa ni kucheza gemu nzima kwanza kwenye mashine hiyohiyo, ili sheda ziwe zimeshahifadhiwa. Hapo kuna mtego: ukisasisha draiva ya kadi ya picha, zile zilizohifadhiwa zinatupwa na unaanza kupika upya. Kwa hiyo usisasishe draiva siku ya kukimbiza.

Pia punguza vivuli kwanza kabla ya kugusa ukali wa picha, na funga fremu 60 kwa sekunde au hata 30 kama mashine inayumba. Fremu 30 zilizotulia zinakufikisha kuliko 50 zinazopanda na kushuka. Wenye laptopu, chomeka chaja. Ukitegemea betri, mashine nyingi zinabana kadi ya picha hata kama mipangilio imekaa sawa.

Bando: usihangaike kuwa hewani muda wote. Steam na PlayStation zote zinarekodi trofi ukiwa nje ya mtandao, zinapanda utakapounganisha. Ila fungua gemu mara moja ukiwa na mtandao kwanza, isije ikakudai kuthibitisha akaunti.

#5 Mama_Tukuyu_Gaming (Rungwe)

Ndaga fijo, Fundi. Hiyo ya draiva wengi hawaijui. Wakuu, shukeni Slums sasa.

#6 Mlandege_Pedi (Iringa)

Slums ya kwanza. Ukiingia ongea na Guardian, muonyeshe ile postikadi, atakuelekeza kwa roboti Momo. Chumba cha Momo kiko juu, kina taa ya rangi ya chungwa, unaingia dirishani. Momo anataka madaftari ya wenzake watatu: Doc, Clementine na Zbaltazar. Yote yapo vyumba vya juu, kwa hiyo usishuke chini hata kidogo. Baki mapaani, zunguka mara moja, rudi kwa Momo. Mtu anayeshuka kwenye ule uwanja wa katikati halafu apande tena anapoteza dakika nzima kila safari.

Mambo ya kuacha, na hapa ndipo moyo unapouma:

Kasha lenye namba 1283. Ndani yake kuna karatasi ya muziki tu, haihitajiki.

Karatasi zote za muziki za Morusque, yule roboti mwanamuziki. Zipo 8, hata moja haihitajiki.

Vinywaji vya mashine. Ni vya kubadilishana na Azooz, roboti mfanyabiashara, kwa vitu vya ziada.

Kumbukumbu za B-12, kile kidroni anachotembea nacho paka. Jumla ni 27, na zile ambazo hadithi inazihitaji zinakujia zenyewe njiani.

Rooftops sina la kusema sana. Njia ni moja, panda mpaka juu kabisa, weka kile chombo cha mawasiliano, ruka filamu.

Slums ya pili ndiyo kaburi la wengi. Momo anakupeleka baa ya Dufer kwa Seamus, mtoto wa Doc, halafu unaingia kwa Seamus kupitia tundu. Angusha picha za ukutani, nyuma yake kuna kibodi ya namba, ingiza 2511. Ni saa nne za ukutani zinazotoa namba hiyo, usizitazame. Ndani angusha boksi la juu ya rafu upate kifaa cha kumtafutia Doc, kimeharibika. Elliot ndiye fundi wake, ila anatetemeka kwa baridi, hawezi kushika bisibisi mpaka apate poncho. Poncho anafuma Bibi, Bibi anataka nyaya za umeme, nyaya anazo Azooz, Azooz anataka sabuni ya Super Spirit, sabuni ipo dukani kwa dobi, na dobi amefunga.

#7 Dada_Uyole (Mbeya)

Naongeza hapo, kaka Mlandege, maana ulivyoipanga ndivyo gemu inavyokusimulia, na ukiifuata hivyo unatembea mnyororo mzima mara mbili: kwenda kuuliza na kurudi kupeleka. Anzia mwisho wa mnyororo.

Sabuni haingoji uagizwe. Kwa hiyo panda paani kule maroboti wawili wanakorushiana makopo ya rangi. Subiri mmoja ainue kopo, lia wakati huohuo, kwa PlayStation ni Duara, kwa kibodi ni Alt ya kushoto. Atashtuka, kopo litaanguka mbele ya duka la dobi, mwenye duka atafungua mlango atoke kulalamika. Shuka, ingia, chukua sabuni. Wanaolia mapema wanaona roboti anageuka tu halafu anaendelea kurusha, inabidi kusubiri mzunguko mwingine. Lia pale kopo likiwa mkononi, mkono umeshapanda.

Kutoka hapo ni mstari mmoja: Azooz, Bibi, Elliot, Seamus. Hakuna kurudi nyuma. Ukitazama hesabu, sehemu ambayo mgeni anatumia dakika 25 inakwisha kwa 10 au 11.

Na kuhusu baridi ya Elliot, watu wa Makete mtamwelewa. Mwezi wa saba vidole vikiganda kitufe cha kukimbia kinaachiwa bila wewe kujua. Pasheni mikono moto kwanza, siyo utani. Glovu zilizokatwa vidole zinasaidia.

#8 Parachichi_la_Makambako (Njombe)

Hahaha Makete tumetajwa na majirani. Dada, je ukikimbiza unaweza kuunganisha trofi nyingine humo humo? Kama ile ya kutokamatwa na Zurk na ile ya kupita Midtown bila kuonekana?

#9 Dada_Uyole (Mbeya)

Moja unaiunganisha bure: A Little Chatty, kulia mara 100. Paka analia huku anakimbia, haikupunguzii kitu. Bonyeza Duara kwenye ngazi na korido ndefu, itajaa yenyewe kabla ya Midtown.

Can't Cat-ch Me, ya kukwepa kukimbizwa kwa kwanza bila kushikwa hata mara moja, mimi naikataza humu. Siyo kwa sababu ni ngumu. Ukishikwa utashawishika kurudia kipande, na hapo ndipo saa inapokwenda. Ichukue siku nyingine kupitia menyu ya sura. Sneakitty, ile ya kupita Midtown bila kuonekana, hivyohivyo: kujificha kunataka subira, kukimbiza kunataka uwapite droni wakikutazama. Haviendi pamoja.

Territory, ya kukwaruza kucha kila sura, usiiguse. Na Productive Day inataka paka alale zaidi ya saa nzima. Hiyo ni nusu ya muda wako wote, ukiwa umelala.

#10 Mlandege_Pedi (Iringa)

Kwenye mnyororo Dada amenishinda, nakubali mpangilio wake. Wasomaji fuateni #7.

Dead End kwa haraka: fika kwa Doc, chukua fyuzi, kimbia nayo kwenye jenereta nje, rudi. Kurudi ndiko wanakofia watu, wanajaribu kunyoosha kupita uani. Yumba kwa upana kama kule mwanzo. Baada ya hapo Doc anakupa Defluxor, ile taa ya zambarau inayounguza Zurk. Inapata moto, na ikijaa inazima kwa sekunde kadhaa ukiwa umezungukwa. Piga vipande vifupi, achia, piga tena. Ukiwa Sewers usisimame kuchoma mayai yote, choma yaliyoziba njia tu. Wakiwa nyuma yako waache.

Antvillage: nyooka juu kwa Zbaltazar, ongea, ondoka. Mimea ya kumpelekea roboti Malo ni ya beji. Wacha.

#11 Dada_Uyole (Mbeya)

Midtown sasa. Hapa usiende na akili ya Slums. Slums ilikuwa mnyororo mmoja, Midtown ni kazi mbili sambamba halafu safari mbili ndefu, na polisi wa droni juu.

Nenda kwanza kwenye jengo la makazi, kwa Clementine. Usiongee na roboti yeyote mtaani kumuuliza, picha uliyopewa na Zbaltazar haihitaji kuonyeshwa kwa watu wote. Clementine anataka betri ya atomiki, na anakutuma kwa Blazer. Blazer anataka koti la kazi na kofia ngumu ili akuingize kiwandani Neco.

Kofia: kuna maboksi yanayobebwa kuingizwa duka la kofia. Ingia kwenye boksi lililo wazi, tulia, utabebwa mpaka ndani, angusha kofia, toka. Kosa la kawaida ni kurukia boksi na kutoka tena kwa kuona hakuna kinachotokea. Subiri roboti aje alibebe.

Koti: lipo duka la nguo, linataka kelele. Tafuta kaseti, iweke kwenye redio ya dukani, muuzaji akishughulika na kelele wewe chukua koti. Anayejaribu kulinyakua bila kaseti anafukuzwa.

Anza na ile iliyo karibu na unaposhukia. Kitu muhimu ni usimrudie Blazer ukiwa na kimoja. Rudi na vyote viwili, mazungumzo yawe mara moja.

Kiwandani mwanga wa droni ukikupata unabadilika rangi kabla hawajapiga. Mgeni akiona rangi imebadilika anarudi nyuma kujificha, na hiyo ndiyo inayomuua, maana anarudi kwenye njia yao. Ukishaonekana endelea mbele mpaka kona inayofuata. Maboksi ya kujifichia yatumie pale tu ambapo mlango unafunguka kwa kusubiri.

Ukirudi na betri, Clementine hayupo. Ameacha ujumbe wa mafumbo chumbani. Upitie ujumbe, halafu usianze kufumbua, jibu ni klabu ya usiku. Klabuni lengo lako ni kupanda juu kwenye eneo la watu maalumu. Usizunguke kwa wachezaji chini.

Kuhusu Blazer baada ya hapo, mnaijua hadithi. Ruka filamu.

#12 Mtoto_wa_Kihesa (Iringa)

Mimi naona dakika 20 za Midtown ni za matumaini. Watu wengi wanatoka pale 1:35.

#13 Dada_Uyole (Mbeya)

1:35 bado inafaa, mdogo wangu. Jail na Control Room kwa pamoja ni kama dakika 18 ukizijua. Jela: mtafute Clementine, kisha mtoe B-12 kwenye kizimba, halafu droni unawavuta wakufuate mpaka ndani ya seli na kuwafungia. Usijaribu kuwazunguka wote, kuna mahali hapapitiki bila kumfungia mmoja. Control Room ni mazungumzo na B-12 kuliko kucheza. Pale bonyeza tu, najua inauma.

Ukitoka Midtown 1:40 endelea hivyohivyo, lakini kila kosa jela ni kosa la mwisho. 1:45 ikipita, zima.

#14 Mama_Tukuyu_Gaming (Rungwe)

Na umeme? Saa mbili bila kukatika kipindi cha mvua huku kwetu ni bahati.

#15 Fundi_Soweto (Mbeya)

Swali zuri, mama. Tupige hesabu.

PS5 kwenye gemu inavuta kama wati 200. Televisheni ya LED ya inchi 32 weka wati 50. Jumla 250, kwa saa 2 ni wati-saa 500.

UPS ndogo za VA 650 zinazouzwa Mwanjelwa siyo za kuchezea saa mbili. Zinakupa dakika chache za kufika kwenye chekipointi na kuzima vizuri, basi. Mtu anayeinunua akidhani atamalizia Midtown nayo anajidanganya.

Betri ya jeli ya volti 12, Ah 100, ina wati-saa 1,200. Usiishushe chini ya nusu kama unataka idumu, kwa hiyo unabaki na 600. Inveta inakula kama asilimia 15, zinabaki 510. Yaani PS5 na televisheni inatosha kwa shida, na betri iwe imejaa na siyo ya mwaka wa nne. PS4 Slim yenyewe ni kama wati 90, na televisheni 140, kwa saa mbili 280. Hapo unapumua. Laptopu ya kawaida ya gemu iweke katikati ya hizo mbili.

Inveta iwe ya wimbi safi. Zile za bei rahisi zenye wimbi la ngazi zinafanya adapta za laptopu zipate moto na televisheni nyingine zinavuma.

Kama una sola, kimbiza saa tano asubuhi mpaka saa saba mchana wakati paneli zinarudisha. Kwa Tukuyu angalia mawingu kwanza.

#16 Mtoto_wa_Kihesa (Iringa)

Na kwenye kibanda cha kulipia kwa saa? Trofi inaingia kwa nani?

#17 Mlandege_Pedi (Iringa)

Inaingia kwenye akaunti iliyofungua gemu, siyo mwenye pedi. Ukicheza kwenye akaunti ya kibanda, trofi ni ya kibanda. Ingia kwa akaunti yako kabla ya kuanza, na uhakikishe gemu inafunguka chini ya akaunti hiyo.

Lipia saa mbili na nusu moja kwa moja. Mwambie mwenye kibanda asikuzimie saa mbili ikifika, maana filamu za mwisho na majina ya waliotengeneza zinaendelea baada ya wewe kumaliza kucheza. Usiguse kitufe cha kuzima mpaka majina yaanze kupita na trofi itokee kwenye kona. Kagua pedi pia: kitufe cha R2 kilicholegea hakishiki mbio, na kwenye vibanda R2 ndiyo ya kwanza kufa kwa sababu ya gemu za mpira na magari. Omba ubadilishiwe kabla saa haijaanza kuhesabu.